Kijumba cha Nyuma cha Bi Semeni

Sogea hapa mkekani nikutegee. Wote huja kwangu, mkubwa na mdogo, mwenye nacho na asiye nacho, lakini hakuna anayeaga nyumbani kwamba anakuja kwangu. Mimi ni nani?

Najua umeshajua. Hata mdogo wako wa darasa la pili angejua. Ila nakuomba jibu usiliseme kwanza, liweke shavuni kama pipi mpaka nimalize. Iko nchi moja, jina lake silitaji maana sijawahi kufika, ambako watu wazima wote walikaa na jibu hilo shavuni miaka sita na hakuna aliyethubutu kulitema.

Na ungeshindwa, desturi unaijua, ungenipa mji. Mimi ningeupokea huo mji kwa mdomo, ningejitapa nao kidogo, nimekwenda huko nimelishwa pilau, kisha ningekupa jibu, na mji ungebaki palepale ulipo, watu wake wakiendelea kumenya vitunguu bila habari. Ndivyo tunavyocheza sisi ambao hatujasoma sana. Katika nchi ninayokusimulia walikuwapo wasomi, na walikuwa na Ofisi ya Ardhi.

*

Mkubwa wa nchi hiyo aliitwa Mtukufu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwapo, ila lilifungiwa kwenye kabati la chuma kwa usalama wake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya upole, anayependa madafu na vitendawili, na kwa miaka thelathini na minane hakuwa amesikia neno lolote la kuudhi. Ilikuwapo Sheria ya Lugha Safi, iliyokataza kutaja mbele yake kitu chochote chenye harufu. Kwa hiyo hakujua habari za mitaro, wala samaki waliooza, wala njaa. Njaa ina harufu gani mimi sijui, lakini waliiweka humo. Na hakujua habari za kile kijumba cha nyuma ya nyumba, chenye gunia badala ya mlango na kopo la maji pembeni, ambacho mimi na wewe tunakijua kwa jina. Aliyekitaja mbele ya Mtukufu alikwenda kuvunja mawe miaka kumi.

Usidhani kwamba Mtukufu hakuwa na haja kama wenzake. Alikuwa nazo zote. Ila Ikulu mahali hapo paliitwa Ofisi Ndogo, na kila alipotaka kwenda, mpiga tarumbeta alipuliza mara tatu, katibu akatangaza: "Mtukufu anaelekea Ofisi Ndogo." Watu wakasimama. Aliporudi, wakapiga makofi.

Tarumbeta hiyo ikumbuke.

Sasa, siku ya kuzaliwa kwa Mtukufu, kwenye karamu ya mchana, alisimama Mheshimiwa Bukheti, Waziri wa Mambo Mengineyo. Unajua kila mkutano ajenda ya mwisho huwa ni mengineyo. Yeye ndiye alikuwa waziri wake, na kwa kuwa ajenda nyingine zilikuwa hazijadiliwi, alikuwa na kazi nyingi kuliko wenzake wote.

"Mtukufu, naomba ruhusa ya kutega," alisema.

"Tega, mwanangu."

Akatega hicho nilichokutegea wewe sasa hivi.

Mtukufu alifikiri. Wali ukapoa. Mawaziri wote walijua jibu, na wote wakaanza kutazama dari kama watu wanaohesabu buibui. Baada ya saa nzima Mtukufu akasema, "Ni mimi."

Ukumbi ulipiga makofi dakika ishirini. Waziri mmoja alilia. Bukheti peke yake alikuwa anatoka jasho, maana kumwambia Mtukufu amekosa ni kosa, na kumwambia amepata ni kuukosa mji.

"Umepata kwa sehemu tisini na tisa, Mtukufu," alisema. "Imebaki sehemu moja ndogo tu."

"Basi nimeshindwa," alisema Mtukufu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Nakupa mji." Akainuka, akafumba macho, akaweka kidole kwenye ramani ya ukutani. Kidole kikaangukia Tandavamba. "Haya. Nipe jibu."

Bukheti alifungua mdomo. Akaufunga. Alikuwa ameikumbuka Sheria ya Lugha Safi, ambayo aliiandika yeye mwenyewe.

"Jibu nitalileta kwa maandishi," alisema.

*

Kesho yake, kabla ofisi haijafunguliwa, Bukheti alikuwa mlangoni pa Ofisi ya Ardhi. Alihudumiwa na karani aitwaye Matimbwa, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mwoga wa kila kitu isipokuwa karatasi. Huyu alilelewa na bibi yake, na mtoto aliyelelewa na bibi vitendawili anavijua.

Matimbwa akaandika hati. Mji wa Tandavamba, kutoka mtoni hadi barabara kuu, umetolewa kwa Mheshimiwa Bukheti kwa kitendawili kifuatacho. Akakiandika kitendawili chote, akaweka nukta. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chembe za mtama, akaongeza: "Mji ni wa muda mpaka mtegaji atoe jibu. Mtoaji wa mji akilipata jibu mwenyewe kabla hajapewa, mji utarudi kama ulivyokuwa, pamoja na kila kilichoshikamana nao."

"Na huo mstari wa chini?" aliuliza Bukheti.

"Ni desturi tu, Mheshimiwa. Mji wa kitendawili ndivyo unavyoandikwa."

Bukheti alikuwa na haraka. Akatia sahihi. Na siku hiyohiyo, kwa tahadhari, vitendawili vikapigwa marufuku nchi nzima, isipokuwa kwa kibali cha Wizara ya Mambo Mengineyo. Watoto wakawa wanategeana kwa kukonyezana.

*

Wiki iliyofuata Mheshimiwa alikuja Tandavamba kujitambulisha kwa mali yake. Alipanda kwenye jukwaa lililofunikwa zulia, Matimbwa nyuma yake na daftari.

"Ndugu wananchi," alisema, "naona mna wasiwasi. Nimekuja kuutoa. Hakuna kitu chochote mlichopoteza. Nyumba zenu zipo palepale, milango ipo, minazi ipo. Kilichobadilika ni mwenyewe tu."

Kisha akawasomea Sheria ya Kushikamana na Kuzaliana. Ilikuwa na vifungu viwili. Cha kwanza kilisema kila kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Cha pili kilisema kila kilichozaliwa, kilichoota, kilichotagwa au kilichodondoka juu ya ardhi hiyo ni chake pia.

Mstari wa mbele alikuwa amekaa Bi Semeni. Huyu alikuwa mjane, msusi wa mikeka, mwenye nyumba ya vyumba viwili ya miti na udongo, na kile kijumba cha nyuma. Watoto wake walizaliwa humo, mumewe alifia humo, na yeye alikuwa ameshaamua kwamba hatatafuta pengine pa kufia. Akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa baba, nina swali. Kuta zangu hazikuota hapa. Udongo wake niliubeba kwa karai kutoka ng'ambo ya mto, nje ya mpaka wa mji wako, mimi na marehemu, miezi miwili kichwani. Huo nao umeshikamana?"

"Umenikumbusha jambo zuri sana, mama," alisema Bukheti, akamgeukia karani. "Andika kifungu cha tatu. Haijalishi nani amekileta, wala amekitoa wapi, wala amekigharamia vipi. Kikishagusa ardhi kikashika, kimehama mkono. Hakuna kisingizio wala cheo."

"Wala cheo?" aliuliza Matimbwa, kalamu juu.

"Wala cheo. Sheria ni msumeno?"

"Sijui, Mheshimiwa. Niandike hivyo?"

"Andika wala cheo."

Matimbwa akaandika, akagonga muhuri.

"Nina jingine dogo," alisema Bi Semeni. "Kitendawili tulikisikia redioni. Mtukufu kakupa mji. Je, jibu ulishampa?"

Mama mmoja alimziba mdomo mtoto wake, kwa kuwa mtoto alikuwa anataka kusaidia.

"Jibu lipo kwenye mchakato," alisema Bukheti. "Mkutano umefungwa."

*

Wakaanza kuishi katika mali ya mtu.

Jirani wa Bi Semeni, aitwaye Bi Tatu, alikuwa na kuku saba. Matimbwa alikuja kuwatazama na kuamua kwamba kuku, kwa kuwa anatembea, hajashikamana. Mayai ndiyo yalikuwa na tatizo. Yai likigusa ardhi tu, ni la Mheshimiwa. Bi Tatu akawatengenezea kuku kikapu akakitundika darini. Matimbwa akarudi na daftari, akafuata kwa kidole. Kikapu kimeshika kamba, kamba imeshika boriti, boriti imeshika ukuta, ukuta umeshika ardhi. Mayai yakachukuliwa.

Tangu hapo Bi Tatu akawa anashinda uani ameinama nyuma ya kuku, viganja wazi.

"Jirani, unatafuta nini huko?" aliuliza Bi Semeni.

"Nadaka. Likidakwa hewani halijagusa."

"Na wewe mwenyewe umesimama juu ya nini?"

Bi Tatu akatazama miguu yake, akakaa chini taratibu, akaanza kucheka, na kicheko kikaishia kubaya.

Nguo nazo hazikuanikwa tena, kwa kuwa kamba ilifungwa kwenye nguzo na nguzo ilichimbiwa. Ungewaona wanawake wa Tandavamba wamesimama juani, kila mmoja amenyoosha mikono na shuka lake, kama milingoti ya bendera. Na Mwanaidi, mke wa fundi baiskeli, alipopata uchungu, walimkimbiza kwa mkokoteni kuelekea mtoni. Hawakufika. Mtoto alizaliwa hatua kumi ndani ya mpaka. Mheshimiwa Bukheti, kwa huruma aliyonayo, aliruhusu mama amnyonyeshe, na Matimbwa akamwandika mtoto kwenye daftari, safu ya vilivyozaliwa juu ya ardhi: kimoja, kinalia.

Alipomaliza kuandika hivyo alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Mwanangu," Bi Semeni alimwambia, "bibi yako yupo?"

"Alifariki, mama."

"Bahati yake."

Kila mwezi Bi Semeni alitembea mpaka Ofisi ya Ardhi, akakaa kwenye benchi, akauliza lile swali lake moja. Jibu limeshatolewa? Kila mwezi aliambiwa lipo kwenye mchakato. Lilikwenda kwa mchapaji, likarudi kwa makosa ya chapa. Na hakuwa peke yake anayeuliza. Mtukufu mwenyewe hakulisahau. Kitendawili kilimsumbua kama uzi wa nyama kwenye jino. Aliunda Tume ya Jibu, yenye wajumbe kumi na wawili na magari, ikazunguka nchi nzima kukusanya maoni. Wananchi walitoa maoni. Kila mmoja alilisema jibu lilelile, kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. Tume ikarudi Ikulu ikaripoti kwamba wananchi bado hawana uelewa.

*

Katika miaka hiyo Bukheti alikuwa anajenga. Alijenga kasri katikati ya Tandavamba, ukuta kwa ukuta na nyumba ya Bi Semeni. Marumaru yalikuja kwa meli, milango ilichongwa ng'ambo, na vioo vilikuwa vya rangi ya chai. Vyumba arobaini. Mhandisi alipoleta mchoro alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, kuna chumba kimoja hatujakiweka."

"Kipi?"

"Kile."

"Kile kipi?"

"Kile cha... kule ambako mtu huenda."

"Mchoro huu si utapelekwa kwa Mtukufu aubariki?"

"Utapelekwa."

"Na kila chumba si lazima kiandikwe jina?"

"Ni lazima."

Wakatazamana.

"Tuandike Ofisi Ndogo," alisema mhandisi.

"Ofisi Ndogo nchi hii ni moja. Unataka nionekane nataka kiti chake?"

Basi kasri likajengwa vyumba arobaini na hicho hakimo. Mafundi, walipobanwa, walizunguka nyuma kwa Bi Semeni, na yeye hakumfukuza mtu. Aliwaambia tu wajaze kopo.

Kasri lilipokwisha, zikaja alama. Unazijua hizo alama. Ule mkasi mwekundu wa rangi ukutani, wa nyumba itakayobomolewa, ambao huna haja ya kusoma ili uuelewe. Nyumba zote mia mbili zilizokuwa zinaziba upepo wa kasri zilichorwa, ya Bi Semeni ya kwanza. Siku ya uzinduzi Mtukufu angekata utepe, kisha tingatinga lingeanza kazi saa tisa alasiri, mbele yake, kama burudani.

Bi Tatu alifunga mizigo. "Twende kwa binti yangu," alimwambia Bi Semeni. "Utabaki na nani?"

"Na nyumba yangu."

"Si yako."

"Mpaka nisikie jibu, ni yangu."

Wiki moja kabla ya uzinduzi ikatoka amri nyingine, ya mdomo. Vile vijumba vyote vya nyuma viondolewe mara moja, jicho la Mtukufu lisije likaangukia hata kimoja. Vijana wa Mheshimiwa wakapita na nyundo. Mji mzima ukabaki wazi nyuma. Walipofika kwa Bi Semeni walimkuta amekaa mlangoni pa kijumba chake, kwenye kigoda, anasuka ukili. Matimbwa alikuwa nao, na daftari.

"Karibuni," alisema. "Mmekuja kubomoa nini?"

"Hicho, mama," alisema Matimbwa.

"Nipe barua. Mimi siyo mkorofi. Iandike tu unabomoa kitu gani, gonga muhuri, nami naondoa kigoda."

Matimbwa akafungua daftari. Safu ya kwanza ilisema: jina la kitu. Kila karatasi ya uzinduzi ingesomwa mbele ya Mtukufu. Akaweka kalamu kwenye karatasi. Akaiondoa.

"Tuandike kibanda?"

"Kibanda ninacho kingine, cha kuku. Mkibomoa hicho mtakuwa mmekosea."

"Tuandike kijengo kidogo."

"Kidogo kuliko nini?"

Wale vijana wenye nyundo walianza kutazama viatu vyao. Matimbwa akageuza kurasa za Sheria ya Kushikamana, akazisoma zote pale juani, mbele na nyuma. Nyumba ilitajwa. Mlango, dari, mnazi, yai, mtoto. Kijumba hakikutajwa popote, kwa kuwa sheria nayo ilisomwa mbele ya Mtukufu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kisheria kitu hiki hakipo."

"Basi mtabomoaje kitu kisichokuwapo?"

Matimbwa akafunga daftari. Nadhani alitabasamu, lakini walionisimulia hawakukubaliana. Wakaondoka, na kijumba cha Bi Semeni kikabaki peke yake Tandavamba nzima, na foleni ikawa inafika barabarani.

*

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa kali. Mtukufu alikaa kwenye kiti cha dhahabu kivulini mwa kasri, mpiga tarumbeta kulia, katibu kushoto, mawaziri nyuma. Hati ya mji ilitundikwa kwenye fremu, Matimbwa kasimama pembeni kuilinda. Ng'ambo ya utepe tingatinga lilikuwa linanguruma, pua yake imeelekea nyumba ya Bi Semeni.

Bi Semeni akatoka na sinia. Bukheti akamzuia njiani.

"Unakwenda wapi?"

"Namletea mgeni madafu, Mheshimiwa. Minazi ni yako, madafu ni yako, na sinia limegusa meza yako. Mikono tu ndiyo yangu. Au nimwambie mgeni umekataa?"

Bukheti akapisha.

Mtukufu alikunywa dafu la kwanza, akafumba macho kwa utamu. Akanywa la pili. Bukheti alianza hotuba. Alieleza maana ya kushikamana, akasema nchi iliyoshikamana na mkubwa wake haiwezi kubomoka, akasema hata yeye mwenyewe ni kitu kilichoota juu ya ardhi ya Mtukufu. Hotuba ilikuwa na sehemu tisa. Kufikia sehemu ya nne Mtukufu alikuwa kwenye dafu la tano. Kufikia sehemu ya sita alikuwa ameacha kusikiliza. Alianza kukaa upande, akakaa upande wa pili, akakunja miguu.

Akamnong'oneza katibu. Katibu akamnong'oneza mpiga tarumbeta, na mpiga tarumbeta akainua tarumbeta.

"Kasri hili Ofisi Ndogo iko wapi?" aliuliza katibu.

Bukheti akamtazama mhandisi. Mhandisi akatazama kofia yake.

"Nipulize?" aliuliza mpiga tarumbeta.

"Upulize anaelekea wapi?"

Tarumbeta ikashuka. Mtukufu akawa anawatazama mmoja mmoja kwa macho ya mtoto aliyesahauliwa sokoni. Hapo ndipo alipomwona Bi Semeni, amesimama kwenye kona ya nyumba yake na kopo mkononi, ameinamisha kichwa kidogo kuelekea nyuma.

Mtukufu akainuka. Mawaziri wote wakainuka.

"Kaeni, kaeni," alisema. "Nakwenda kunyoosha miguu tu."

Kwa kuwa haikupigwa tarumbeta, hawakujua kama wafuate au wakae. Wakabaki nusu, magoti yamekunjwa. Mtukufu akapita pembeni ya ukuta wenye alama nyekundu, akapita jiko la mawe matatu, akainua gunia, akaingia.

Alikaa huko kwa muda. Saa tisa ikagonga. Dereva wa tingatinga akamwangalia Bukheti, Bukheti akamwonyesha kiganja asubiri, maana hata yeye hakuweza kuanza kubomoa wakati Taifa limo nyuma.

Gunia likainuka. Mtukufu akatoka, uso umelegea, anafunga kitufe cha koti. Bi Semeni akamnawisha.

"Mahali pazuri," alisema Mtukufu. "Pana upepo. Mtu anafikiri vizuri humo. Ninyi huku mnapaitaje, mama?"

Miaka kumi ya kuvunja mawe, na Bi Semeni alikuwa na miaka sabini na moja.

"Sheria hainiruhusu kusema, Mtukufu. Ila hainikatazi kuuliza. Ulipoinuka pale kwenye kiti, uliwaaga wenzako kwamba unakuja huku?"

"Hapana. Niliwaambia nakwenda kunyoosha miguu."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Mtukufu alifikiri. "Niliona haya," alisema, na neno hilo likamshangaza, kwa kuwa hakuwa amelitumia miaka arobaini na minne.

"Na sisi ndivyo tunavyoona, baba. Kila siku. Wakubwa na wadogo, wenye nacho na wasio nacho. Wote tunakuja, na hakuna anayeaga."

Mtukufu alisimama pale, mikono inachuruzika maji. Midomo yake ikaanza kucheza, kama ya mwanafunzi anayejumlisha. Wote huja. Hakuna anayeaga. Kule jukwaani Bukheti alianza kutembea, kisha akatembea haraka, kisha akakimbia, akaruka jiko la mawe matatu akiwa na suti yake.

"Mtukufu," aliita, "jibu limefika. Naomba nilitoe sasa hivi mwenyewe."

"Litoe basi," alisema Mtukufu.

Bukheti alifungua mdomo. Nyuma yake walisimama mawaziri wote, kila mmoja shahidi, na askari wawili wa Lugha Safi na pingu zao. Mbele yake nyumba mia mbili zilikuwa na alama nyekundu, na kasri la vyumba arobaini lilikuwa limeshika ardhi ya Tandavamba kwa marumaru, kwa saruji na kwa kifungu cha tatu. Akaufunga.

Matimbwa alikuwa ameshaitoa hati kwenye fremu. Aliikunjua mpaka kwenye ule mstari wa chini, akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi. Dereva wa tingatinga alizima mashine ili asikie.

Mtukufu akageukia gunia, akalitazama, kisha akamtazama Bi Semeni, na uso wake wote ukafunguka kama wa mtu aliyekumbuka neno la utotoni.

"Choo," alisema. "Jibu ni choo."